Iliyoungua ni Kopi

    

Leo tuzungumzie karatasi. Nazungumzia karatasi za tribinali, zile za mambo ya jamaa: hukumu ya talaka, hukumu ya urithi, hukumu inayosema mtoto atalelewa na nani, na ile supletifu inayompatia cheti cha kuzaliwa mtoto ambaye hakuandikishwa kwa wakati. Mnazijua. Wengine mlizikunja mkaziweka ndani ya sashe, sashe ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda.

Mama mmoja wa Kibati, karibu na Goma, ameniletea swali, naye si wa kwanza kuliuliza. Anasema: mume wangu alifariki, tukasamba kesi ya urithi na ndugu zake, tribinali ikaamua. Hukumu niliipata, nikaitunza. Halafu ikaja ile Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ikapasuka, nikakimbia na watoto. Niliporudi, pale palipokuwa na nyumba palikuwa na jiwe jeusi lenye moshi. Sasa shemeji yangu anasema kiwanja ni chake, na kama mimi nina haki nionyeshe karatasi. Karatasi iliungua. Je, nimekwisha?

Hapana, mama. Hujakwisha. Sikiliza vizuri, na ninyi wengine sikilizeni, maana jambo hili nitalirudia leo mara nyingi: kilichoungua ni kopi. Hukumu yenyewe haikuwa nyumbani kwako.

Kwa nini nasema hivyo? Juzi, yaani hakimu, anapokata kesi, ile hukumu iliyotiwa sahihi yake na ya grefye, karani wa tribinali, ambayo wenye kazi wanaiita minute, haitoki kwenye tribinali. Inabaki kwa grefye. Wewe unapewa nakala iliyothibitishwa: ekspedisyo, au grosi ikiwa ni ile yenye amri ya kutekelezwa. Ina kashe, ina sahihi, ina nguvu, lakini ni nakala. Lava ikiimeza, mama yake bado yupo. Na aliyezaa mmoja anaweza kuzaa wa pili.

Sasa swali linalofuata: huyo mama wa karatasi tutampataje?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, hata tribinali inapokuwa wazi. Mtu anatoka Kibati asubuhi, analipa moto, ile pikipiki ya abiria, anafika Goma, anasimama dirishani na kusema: naomba hukumu ya marehemu mume wangu, aliitwa fulani. Grefye anamwuliza: namba? Hana. Mwaka? Hakumbuki vizuri. Anaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo anaambiwa arudi nyingine. Anaona ananyanyaswa, na pengine ananyanyaswa kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishwa mara tatu kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, nikawa nakasirika njia nzima kurudi nyumbani. Lakini siku ya nne mzee mmoja wa pale alinionyesha rejista yenyewe, nikaelewa. Kesi za madai zinaandikwa kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, kadiri zinavyofunguliwa, na kila moja inapewa namba yake inayoanza na herufi RC. Majina hayakupangwa kwa alfabeti. Kumtafuta mtu kwa jina ni kupekua ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, kwa kidole. Ukiwa na namba ya RC, ni kazi ya dakika chache.

Namba ndiyo ufunguo. Nasema tena: namba ya RC, jina la tribinali, na tarehe ya hukumu. Vitu vitatu hivyo vinaingia kwenye kipande cha karatasi kidogo kuliko tiketi ya basi.

Na kama namba imeungua pamoja na karatasi? Mama wa Kibati atauliza hivyo, na ana haki ya kuuliza. Hapo tunafanya kazi ya mwindaji anayefuata nyayo. Ulisambishana na nani? Na shemeji. Basi shemeji naye alipelekewa hukumu ile, wisye, mjumbe wa tribinali, alimkabidhi. Hata kama leo anajifanya hajui, karatasi yake ina namba ileile. Ulikuwa na avoka? Avoka anaweka dosie ya kila mteja. Uliwahi kupeleka kopi kwenye ofisi ya viwanja? Kwenye benki ambako marehemu alikuwa na konti? Kwa mwajiri wake, ulipodai mshahara wake wa mwisho? Kwenye shule? Kila mahali ulipoacha kopi, uliacha namba. Na kama ilikuwa hukumu ya talaka au supletifu, ofisi ya etat sivili iliyoandika badiliko hilo kwenye rejista yake imeandika pia hukumu iliyotoka wapi na lini.

Nyayo zikikosekana kabisa, basi kusanya mnachokumbuka nyumbani. Ilikuwa kabla au baada ya mtoto wa tatu kuzaliwa? Ilikuwa msimu wa mahindi? Gavana alikuwa nani? Kuna wazee wanaokumbuka mambo yote kwa vita na kwa volkano: ilikuwa kabla ya lava ya 2002, ilikuwa baada ya kambi ya 2008 pale Kibati, ilikuwa mwaka tuliokimbilia Kanyaruchinya. Usidharau kumbukumbu hizo. Zinamsaidia grefye afungue rejista moja badala ya kumi.

Kuna jambo jingine kuhusu majina, na hili limewapotezea watu siku nyingi. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulipiga marufuku majina ya Kikristo. Kwa hiyo baba yako uliyemjua kama Joseph, katika karatasi za miaka ile ya Zaire hutamkuta Joseph. Utamkuta kwa jina la ukoo na lile la pili tunaloliita postnom. Na tahajia je? Karani mmoja aliandika kwa c, mwingine kwa k. Mmoja aliweka y, mwingine i. Nenda na majina yote ambayo mzee aliwahi kuitwa. Yaandike kwenye karatasi, mpe grefye. Usimtamkie tu dirishani kwenye makelele.

Na kesi za zamani sana? Kabla ya 1988 Kivu ilikuwa jimbo moja na makao yake makuu yalikuwa Bukavu. Ikiwa babu yako alikata rufaa wakati huo, usishangae ukiambiwa njia ya dosie ile inaelekea Bukavu.

Sasa ngojeni, kabla mtu hajapanda moto, niulize swali ambalo pengine lingetangulia mengine yote. Mliposamba, mlisamba wapi hasa?

Nauliza kwa sababu kwetu neno "tumeamuliwa" lina maana nyingi. Kuna walioamuliwa na baraza la jamaa, wazee wakakaa, wakagawa, wakanywa. Kuna walioamuliwa na nyumba kumi, au na shefu wa lokalite, au na shefu wa grupema. Kuna waliofika mpaka kwa Mwami wa Bukumu. Na kuna waliofika tribinali. Yote ni maamuzi, na mengine ni ya hekima kubwa. Lakini karatasi yake haikai mahali pamoja. Mtu anashinda Goma mwezi mzima akitafuta kwenye rejista za tribinali jambo ambalo halikuwahi kushuka kutoka Kibati! Ikiwa mliamuliwa kwa shefu, karatasi ni ile prose-verbali iliyoandikwa na sekretere wake. Muulize yeye, au aliyerithi kazi yake. Ikiwa hakuna kilichoandikwa, watafuteni waliokuwepo wangali hai, muandike leo, kila mmoja atie sahihi au kidole. Karatasi ya baraza la jamaa inasaidia sana mbele ya juzi anapomthibitisha msimamizi wa urithi, yule tunayemwita likidateri.

Kwa tribinali zenyewe, sheria ya 2013 inayopanga mahakama imeweka mambo mengi ya jamaa mikononi mwa tribinali ya amani, ile tripe. Watoto wana tribinali yao, iliyotokana na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Supletifu ya mtoto inatafutwa huko kwa tribinali ya watoto; ya mtu mzima, kwa tripe. Na kesi ya tripe ikikatiwa rufaa inapanda tribinali ya grande instance, kwa hiyo inawezekana una hukumu mbili sehemu mbili, na inayotawala ni ya juu.

Pale mwaka 2021, Jimbo la Kivu Kaskazini lilipowekwa chini ya hali ya kuzingirwa, eta de siej, kesi za jinai zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Watu wakadhani hata talaka imeenda kwa wanajeshi! Haikwenda. Mambo ya jamaa yalibaki kwa juzi wa raia. Kwa hiyo ukitafuta hukumu ya urithi ya miaka ile, usitumwe kwenye oditora.

Tuseme basi namba umepata, na tribinali iko wazi. Unaombaje?

Andika barua. Hata kama unamfahamu grefye, hata kama ni jirani yako, andika barua. Sema wewe ni nani, una nafasi gani katika kesi ile, namba ya RC, tarehe, na kwamba unaomba ekspedisyo kwa sababu ya kwanza imepotea. Ambatanisha kopi ya karti yako ya uchaguzi, maana kwetu ndiyo kitambulisho cha wengi, na atestasyo ya kupoteza karatasi kutoka kwa wakubwa wa mahali unapokaa. Kama mwenye kesi alifariki, onyesha kwamba wewe ni mrithi wake: cheti cha kifo, cheti chako cha kuzaliwa. Fanya barua mbili. Moja inabaki, nyingine wanakupigia kashe kwamba wameipokea, na tarehe. Hiyo ya kashe ndiyo itakayokutetea siku utakapoambiwa hatujawahi kukuona.

Na pesa? Ndiyo, nakala ina malipo yake kisheria. Lakini mama, malipo ya kisheria yana kitansi. Kile kisichokuwa na kitansi serikali haikijui, na kesho atakuja mwingine kukuomba tena. Uliza: ni kiasi gani, nalipa wapi, kitansi napata lini? Uliza kwa heshima, lakini uliza. Ikiwa huna kitu kabisa, kuna atestasyo ya umaskini ambayo mkubwa wa tribinali anaweza kuiangalia akusamehe gharama. Na barreau, chama cha avoka, kina ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Hii si sadaka ya mtu. Imewekwa na sheria, kwa hiyo usiingie pale kama mwombaji wa njiani.

Naomba niseme kidogo kuhusu wanawake wajane, kwa sababu swali letu limetoka kwa mjane na najua wapo wengi wanaosikiliza wakiwa kimya. Kode ya familia ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa mwaka 2016. Ndani yake watoto wa marehemu ni warithi wa daraja la kwanza, na fungu lao ni robo tatu ya mali. Mume au mke aliyebaki yumo katika daraja la pili, pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Tena mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyokuwa wakiishi. Sasa angalia: shemeji anapokwambia "leta karatasi", huenda anajua vizuri kuliko wewe kilichoandikwa ndani yake. Ndiyo maana anafurahi kwamba iliungua. Kwangu mimi, kutafuta hukumu ile ni kutetea chakula cha watoto.

Na mtoto asiye na supletifu je? Sheria inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto etat sivili. Katika kukimbia kwetu, siku 90 zinapita mama akiwa chini ya shitingi kambini. Baadaye inabidi kupitia tribinali. Wakati huo kumbuka kwamba hukumu peke yake haijamaliza safari. Baada yake kuna karatasi inayothibitisha kwamba hakuna aliyekata rufaa, halafu etat sivili inaandika cheti chenyewe. Wengi wanaishia kwenye hukumu, wanafurahi, wanarudi nyumbani. Miaka kumi baadaye mtoto anakwenda kuandikishwa mtihani, cheti hakipo. Rudi, umalizie. Na ukiomba nakala ya kesi ya mtoto, ujue kesi hizo zinasikilizwa milango imefungwa ili kumlinda mtoto, kwa hiyo dosie haionyeshwi kwa kila mpita njia. Wewe mzazi au mlezi utapewa. Jirani hatapewa, na hiyo ni sawa.

Wasikilizaji wapenzi, pengine mtu anasema: karatasi za zamani zina faida gani, mambo yamekwisha. Nitawasimulia habari moja. Kuna wanawake watano waliozaliwa hapa Kongo wakati wa ukoloni, mama zao Waafrika, baba zao Wazungu. Wakiwa watoto wadogo, serikali ya Ubelgiji iliwachukua kwa nguvu kutoka kwa mama zao ikawapeleka misheni ya Katende kule Kasai, mbali na jamaa. Majina yao yanajulikana: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Simone Ngalula, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi. Wakiwa bibi wenye wajukuu waliishtaki Ubelgiji. Mwaka 2021 walishindwa. Hawakuacha. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua vile kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000.

Walishinda kwa nini? Kwa ushahidi wa maisha yao, ndiyo. Lakini pia kwa sababu barua na amri za watawala wenyewe zilikuwa zimehifadhiwa. Mkoloni aliandika alichokuwa akifanya, akaweka kwenye faili, na miaka sabini baadaye faili likasema. Kama katika jamaa yako kuna bibi au babu aliyechukuliwa hivyo, ujue kwamba Nyaraka za Serikali huko Brussels zina kazi maalumu ya kuwasaidia watu hao kupata dosie zao, kufuatana na azimio la bunge la Ubelgiji la 2018. Mtu mmoja wa ukoo, mwenye majina na miaka, anaweza kuandika.

Narudi nyumbani, kwenye jambo zito. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na kundi lenye silaha la AFC/M23. Tribinali zilizokuwa zikisikiliza kesi zetu zikafunga milango, majuzi wengi wakaondoka, na serikali ya jimbo iliyowekwa na Kinshasa ikawa inafanya kazi kutoka Beni. Kambi zetu za pembeni ya Goma zikavunjwa, watu wakarudi kwenye viwanja vyao, au kwenye mabaki yake. Na mtu anaporudi kwenye kiwanja ndipo ugomvi wa urithi unapoamka. Wakati karatasi inahitajika kuliko wakati wowote, mlango wa kuipata ndio mgumu.

Ufanye nini basi, mtu wa Kibati? Kwanza, usikubali uongo kwamba hukumu ya zamani imekufa. Iliyokatwa na juzi kabla ya vita ilikatwa. Kufungwa kwa mlango hakuifuti. Pili, kabla ya kulipa safari au kumpa mtu pesa akutafutie, muulize avoka unayemwamini dosie za tribinali yako ziko wapi leo na nani ana haki ya kutia sahihi kopi. Jihadhari sana na anayekwambia atakuletea hukumu kesho asubuhi: karatasi ya kughushi itakuponza wewe, maana siku ya kulinganisha na minute, namba itakataa. Tatu, usisubiri mlango ufunguke ndipo uanze kutafuta namba. Zile nyayo zote tulizozitaja zinaweza kufuatwa leo, hata kama tribinali imefungwa. Shemeji yupo, avoka ana simu, shule ipo.

Mama wa Kibati, nakuomba hivi. Wewe na wasikilizaji wengine wote, leo hii kabla ya kulala, mwite mtoto wako anayejua kusoma vizuri. Toeni karatasi zote zilizobaki, hata zilizolowa, hata nusu. Tafuteni herufi RC na namba inayofuata. Iandikeni kwenye daftari la mtoto, kwenye ukuta wa mbao, kwenye simu. Mpigie dada yako aliye Butembo au Kampala, mwambie aiandike na yeye. Na kama hamna karatasi hata moja, andikeni majina ya wote waliokuwepo siku ile ya hukumu, mkianza na wazee, kwa sababu hao ndio tunaowazika kwanza.

 Mkipata namba zenu, nileteeni habari.